Madoa Yasiyofifia

Juzi nilipita Nkuhungu karibu na mashine ndogo ya kukamulia alizeti, na ile harufu ya mafuta ya moto, nzito, kama ya karanga zilizoungua kidogo, ikanisimamisha barabarani. Nilisimama na mfuko wangu wa nyanya, mkono mwingine umeshika tumbo bila mimi kujua. Mwenye mashine aliniuliza nataka lita ngapi. Sikuwa nataka mafuta. Nilikuwa nimerudi Ihumwa, kwenye chumba chenye dirisha dogo linalotazama reli, nimelala chali juu ya godoro la sufi, na mikono ya mama mdogo Hadija inanipaka mafuta yale magotini, taratibu, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye kitu cha kuazima.

Wa rika langu waliokulia huku kwetu wanaukumbuka upepo wa kipupwe, ule unaoanza asubuhi ukiwa baridi na kufika adhuhuri umebeba uwanja mzima wa shule. Midomo inapasuka, koo linakuwa kama limesuguliwa kwa mchanga. Msimu ule niliumwa koo kama watoto wengine wa darasa langu, nikapona kama wao. Baada ya hapo ndipo miguu yangu ilipoanza kusumbua.

Mama aliyenizaa alifariki nikiwa mdogo mno. Sina sura yake, nina hadithi zake tu. Shangazi Yunis, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenichukua akanilea nyumbani kwake Makole. Baba alikuwa fundi katika genge la kukarabati reli, mtu wa kuondoka na kurudi. Siku aliporudi na mke mpya, Hadija, akasema sasa ana nyumba na mtoto arudi kwake, shangazi alifunga nguo zangu kwenye kitenge. Hadija alikuwa Mrangi wa milimani Kondoa, binti wa wakulima, Mwislamu. Sisi tulikuwa watu wa kanisa. Alikuwa mwembamba, mkimya, na hakuwa bado amepata mtoto wake. Nilimwita mama mdogo kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa nimwite.

Shangazi hakuwahi kumtukana. Kila Jumapili alikuja Ihumwa baada ya ibada, akanywa chai yake, kisha akaniita nje kwenye mwanga na kunigeuzageuza kama anayechagua papai sokoni.

"Unakula, Pendo?"

"Nakula, shangazi."

"Unashiba?"

"Nashiba."

Mama mdogo alikuwa anasikia. Alikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka pale tuliposimama, anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Madoa yalianza kama vipele vya kuumwa na siafu, mekundu, kwenye vifundo vya miguu. Siku iliyofuata yalikuwa yamepanda hadi kwenye mashavu ya miguu na kugeuka zambarau, mengine yameungana kuwa mabaka, kama zabibu zilizokanyagwa. Ukiyapitishia kidole uliyasikia yameinuka. Hayakuwasha. Kilichouma ni magoti na vifundo, ambavyo vilivimba hata nikawa natembea kama bibi. Mama mdogo alinifunga mgongoni, nikiwa mtoto wa darasa la tatu, miguu yangu ikining'inia karibu na magoti yake, akanipeleka zahanati.

Nesi wa pale alitazama kwa muda mrefu. Alisema inaweza kuwa aleji. Alitupatia vidonge. Tulipokuwa tunatoka akaongeza, akimwambia mama mdogo kwa sauti ya chini, "Au mishipa ya damu imevimba, inavuja kwa ndani. Akizidi mpeleke mjini."

Hayo maneno ndiyo niliyobeba. Pale mtaani kwetu palikuwa na bomba la maji lenye mpira mrefu mweusi, wa zamani, uliofungwa viraka vya tyubu za baiskeli. Kila mtoto wa mtaa ule alijua mpira ule unavyofanya kabla ya kupasuka. Kwanza unavimba mahali pamoja. Kisha unaanza kutoa matone. Halafu siku moja, mtu akifungua maji kwa nguvu, unapasuka, na maji yote yanaishia kwenye mchanga. Nilijitazama miguu nikaelewa kila kitu. Nilikuwa nimevimba, nilikuwa navuja, na kilichobaki ni kutokufungua maji kwa nguvu. Niliacha kukimbia. Niliacha kucheka kwa sauti. Nilikohoa nikiwa nimejishika kifua kwa mikono miwili. Sikumwambia mtu, kwa kuwa niliona watu wazima wanajua tayari na wanakaa kimya kwa heshima.

Shuleni, Mwalimu Bahati aliniona gwaridani siku ambayo soksi zangu zilishuka. Alikuwa mwalimu mwema, ninasema hivyo hata leo. Aliniita pembeni, akachuchumaa ili tulingane macho.

"Nani amekupiga hivi?"

"Hakuna, mwalimu."

"Usiogope. Mama wa kambo, eti?"

"Hajanipiga. Yametoka yenyewe."

Alinitazama kwa huruma iliyonitisha. Nilirudia kwamba hajanipiga, na kila niliporudia niliona anazidi kuamini kwamba nimefundishwa kusema hivyo. Mwalimu Bahati na shangazi walikuwa wanaimba kwaya moja. Jumapili ileile shangazi hakunywa chai.

Aliingia ndani, akaniinulia gauni, akaona mapaja na makalio. Baba hakuwepo, alikuwa na genge lake upande wa Saranda, ambako simu ilishika tu mtu akipanda juu ya kichuguu.

"Wifi," alisema shangazi, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, "mtoto huyu ni yatima. Kama amekushinda ungesema."

"Sijamgusa, wifi. Ni ugonjwa. Nimempeleka zahanati. Madoa mengine yanatoka akiwa amelala, mimi nayaona."

"Ugonjwa unaochagua makalio."

Majirani wawili walikuwa wameshasimama mlangoni. Mama mdogo alikwenda kuchukua sweta langu la shule, akalikunja, akalishika tu, halafu akasahau kunipa. Nikaondoka na shangazi nikiwa na gauni nililovaa. Niligeuka nikamwona amesimama pale pale na sweta mkononi, wala hakulia. Nilidhani halii kwa sababu hanipendi. Nilikuwa sijui kwamba kuna watu ambao aibu inawakausha.

Makole palikuwa na nyumba ya matofali, binamu zangu, na redio iliyowashwa tangu alfajiri. Shangazi alinipikia mlenda na ugali wa uwele, chakula nilichokipenda, na kila asubuhi alinikagua miguu. Mabaka yalikuwa yanafifia, yanakuwa ya njano na kahawia. "Unaona," alisema, akimwambia kila aliyekuwa karibu. "Hakuna dawa wala nini. Ni kumtoa tu pale." Binamu zangu waliniita tucheze rede uani. Nilikataa. Nilikaa kwenye mkeka nimeegemea ukuta, nimenyoosha miguu, nikiulinda ule mpira wa maji ulio ndani yangu.

Kisha tumbo likaanza.

Lilikuja kama mtu anakamua nguo ndani yangu. Lilikaza, likakaza, nikakunja magoti hadi kidevuni, halafu likaachia kabisa, nikabaki natokwa jasho nikitazama redio. Baadaye likarudi. Nilijua ni nini. Mpira umepasuka, na mahali ulipopasuka hakuna mtu anayeweza kufunga kiraka. Niliogopa kusema, kwa sababu niliona nikishasema itakuwa kweli. Nilijibana. Shangazi aliona sili, akasema ni minyoo, akanipa dawa ya minyoo. Nikatapika. Akasema ni gesi, akanichemshia tangawizi. Nikatapika tena, safari hii kitu cha kijani, kichungu, ambacho sikuwahi kukiona kikitoka kwa mtu.

Shangazi ndiye aliyenivua nguo ili anioshe. Uani palikuwa na jua la asubuhi. Alinimwagia maji ya uvuguvugu, akanigeuza, na mkono wake ukasimama.

Kulikuwa na madoa mapya, mekundu, mabichi, kwenye makalio na nyuma ya mapaja, na mengine kwenye viwiko. Yalikuwa mengi kuliko ya kwanza. Yalikuwa yametoka nyumbani kwake, chini ya shuka lake, katika nyumba ambayo hakuna aliyeninyanyulia hata kidole. Shangazi alikaa chini kwenye sakafu iliyolowa na kitenge chake kizuri. Aliyagusa kwa ncha ya kidole, moja baada ya lingine, akiyabana, kama anayesubiri yakanushe.

"Yanauma?"

"Hapana. Tumbo ndilo linauma."

"Tangu lini?"

Nilijisaidia pale pale, bila kutaka, na maji yaliyotiririka kuelekea kwenye mfereji yalikuwa na utando mwekundu mzito, kama jamu.

Hapo ndipo tuliposikia hodi. Mama mdogo alikuwa ametoka Ihumwa kuleta sweta. Hivyo ndivyo alivyosema, akiwa amesimama kwenye kizingiti na kanga yake imejaa vumbi: "Shikamoo wifi. Nimeleta sweta la mtoto, asubuhi kuna baridi." Shangazi hakuitikia marahaba. Alimwambia, "Hadija, njoo uone," na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina lake.

Waliniweka kati yao kwenye bajaji. Kila tuta lilinikunja. Nilikuwa nimelaza kichwa kwa mama mdogo na miguu kwa shangazi, hadi tukafika hospitali kubwa ya mjini.

Daktari wa kwanza kutupokea alikuwa kijana. Aliona miguu, akawatazama wale wanawake wawili, akauliza swali ambalo nilishalizoea.

"Huyu mtoto kapigwa?"

Mama mdogo aliinamisha kichwa. Nadhani hakuwa tena na nguvu ya kukana. Shangazi ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabenchi ya wagonjwa.

"Hajapigwa. Mimi nilidhani kapigwa, nikamtoa kwa mama yake nikamweka kwangu. Yametoka tena kwangu. Hakuna mtu aliyempiga, daktari. Andika hivyo."

Yule kijana alikwenda kumwita mkubwa wake, daktari wa watoto, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Huyo hakuuliza kuhusu kipigo. Aliomba glasi ya maji iliyokuwa mezani, akamwaga maji, akaikandamiza glasi tupu juu ya paja langu na kutazama kupitia kitako chake.

"Wekundu wa kawaida ukiubana hivi unatoweka," aliwaambia. "Huu haufifii. Damu imeshatoka nje ya mshipa, iko chini ya ngozi. Aliumwa koo karibuni? Au mafua?"

"Koo," alisema mama mdogo, akifungua pindo la kanga. "Kabla ya madoa. Na magoti yalivimba. Hivi vidonge ndivyo tulivyopewa zahanati."

Daktari alieleza polepole. Kuna ugonjwa wa watoto ambao kinga ya mwili, ikishapigana na koo au mafua, inageuka na kuishambulia mishipa midogo ya damu. Mishipa inavimba na kuvuja, miguuni na makalioni hasa. Watoto wengi wanapona wenyewe, alisema, wakipumzika tu. Kisha aliweka mkono tumboni kwangu, akabonyeza taratibu upande mmoja, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Lakini hili tumbo si la wale wengi."

Walinipaka kitu cha baridi, wakapitisha mashine tumboni. Daktari aligeuza kioo ili wenzake waone, na nikaona duara ndani ya duara. Alichukua sweta langu kutoka mikononi mwa mama mdogo, akaingiza sehemu ya mkono wa sweta ndani ya mkono huohuo, ukajimeza.

"Ukuta wa utumbo umevimba kwa sababu ya mishipa hiyo hiyo, halafu kipande kimoja kimeingia ndani ya kingine. Hivi. Kikikaa hivi damu haipiti, na utumbo unakufa. Tunamfungua tuuvute. Leo, sasa hivi. Mzazi ni nani, aweke sahihi?"

Shangazi alikuwa ameshajaribu simu ya baba njia nzima. Haikupatikana. Nilikuwa nimelala pale kati yao na ninakumbuka nilivyogeuza macho kwa huyu, kisha kwa yule, nikiogopa kwamba sina mzazi na kwa hiyo hakuna atakayenifungua.

"Mama yake huyu hapa," alisema shangazi. Akamshika Hadija kiwiko, akamsogeza mbele.

Mama mdogo aliweka sahihi, yule daktari kijana akimshikia karatasi isiteleze.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji daktari wa miwani aliinama. "Unaogopa?"

Nikamwuliza kile nilichokuwa nimekibeba tangu zahanati. "Mtanifunga na tyubu ya baiskeli?"

Aliniuliza nina maana gani, nikamweleza kuhusu mpira wa bomba, na kwamba nimepasuka tayari. Hakucheka. Alisogeza kofia yake ya kijani, akaniambia, "Sikiliza, Pendo. Mishipa yako haijapasuka. Inavuja kidogo sana, kama chungu kipya kinavyotoa jasho. Damu yako bado iko ndani, yote unayoihitaji. Ungekimbia, ungecheka, isingemwagika. Umeelewa?" Nilisema nimeelewa. Nilianza kulia kwa kelele, kwa mara ya kwanza tangu kipupwe kianze, kwa sababu sasa niliruhusiwa.

Waliwahi. Utumbo ulivutwa ukatoka mzima, ulikuwa bado na uhai wake, hawakulazimika kuukata. Nilizinduka nikiwa na kiu na kovu refu lililofunikwa kwa bandeji, na baba amesimama miguuni pa kitanda na ovaroli yake ya kazi, vumbi la reli kwenye nyusi. Hakujua amguse nani kwanza.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, na watu wengi nikiwasimulia huwa wananyanyuka kutafuta chai nikifika hapa. Lakini kabla hatujaruhusiwa daktari alimwambia mama mdogo kwamba figo nazo zina mishipa midogo ya namna ile ile, na hizo hazina maumivu ya kukuambia. Atazame mkojo wangu kila asubuhi. Arudi kliniki kila wanapomwita, hata nikiwa narukaruka.

Tulirudi Ihumwa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyesema turudi Ihumwa. Kila asubuhi nilikojoa kwenye glasi, na mama mdogo akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Niliyajua mabega yake kuliko uso wake, maana alinipa mgongo. Yakishuka, siku ilikuwa njema. Kwa wiki kadhaa yalishuka.

Asubuhi moja hayakushuka. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, dirisha linatetemeka, na yeye ameinua glasi ambayo ndani yake mlikuwa na kitu cha rangi ya chai isiyotiwa maziwa, iliyokaa. Aliiweka chini kwa uangalifu mkubwa. "Vaa sweta," aliniambia. Hakusema zaidi. Njiani alinishika mkono kwa nguvu hata vidole vyangu vikafa ganzi, na sikuthubutu kuuvuta.

Kliniki walinipima presha, ilikuwa juu. Macho yangu yalikuwa yamevimba na sisi tulidhani ni usingizi. Nililazwa tena, nikapewa vidonge vilivyoufanya uso wangu kuwa wa duara kama sahani, na shuleni nikaitwa Maandazi kwa muda mrefu. Chumvi iliondolewa kwenye chakula changu. Mama mdogo aliiondoa kwenye chungu kizima, na baba akala mboga isiyo na chumvi mwaka ule bila kulalamika. Shangazi alikuja kila Jumapili baada ya ibada. Alikunywa chai yake. Halafu aliuliza, "Asubuhi ilikuwaje?" na mama mdogo alijibu, "Safi," au, "Kidogo rangi," na walikaa wakizungumza juu ya mkojo wangu kama watu wengine wanavyozungumza juu ya mvua.

Rangi ilikwisha polepole. Presha ikashuka. Wakati wa mavuno ya zabibu yaliyofuata tulikwenda kliniki sote watatu, mimi, mama mdogo na shangazi, na daktari wa miwani alipitia majibu, akayapitia tena, akasema figo zimetulia, hakuna damu, hakuna protini, na kwamba tusirudi isipokuwa tukiona jambo. Nilikuwa nimeshakua, sare imekuwa fupi.

Shangazi alikwenda kutafuta bajaji. Aliporudi kutuita alitukuta kwenye benchi la nje, mimi nimekaa nikipiga miguu hewani, na mama mdogo Hadija amelala. Alikuwa amelala kabisa, saa nne ya asubuhi, mbele za watu, kichwa kimeegemea ukuta na mdomo wazi kidogo, mtu ambaye sikuwahi kumwona amelala tangu siku ile ya glasi ya rangi ya chai. Nilinyoosha mkono nimwamshe.

"Mwache," alisema shangazi. Alikwenda kumwambia mwenye bajaji aondoke, akarudi, akakaa upande wa pili wa Hadija, na kusogeza bega lake taratibu hadi kile kichwa kikapata mahali pa kulalia.